Fundi wa Fremu

Chumba ni cha tatu katika safu ya vyumba vitano vinavyoitazama barabara itokayo Taveta kwenda Illasit. Cha kwanza wanauza mbegu na dawa za mifugo, cha pili ni kinyozi, cha tatu ndicho hiki cha kompyuta. Hapa Njukini, Tanzania iko karibu kiasi kwamba simu usipoiangalia hushika mnara wa upande wa pili, na maneno nayo huvuka bila kugongewa muhuri. Wenzetu wa kule chumba cha biashara kama hiki hukiita fremu: mtu akikuambia amepata fremu, amepata mahali pa kufungulia duka. Huku kwetu fremu ni ya mlango, ya dirisha au ya picha ukutani. Nayataja haya mapema kwa sababu kazi niliyokwenda kuitazama ilikuwa kazi ya fremu, na maana zote hizo zimo.

Ilikuwa Alhamisi, kesho yake baada ya soko la Taveta, barabara imetulia. Mlima ulikuwa wazi, Mawenzi mbele na Kibo nyuma yake.

Mwenye chumba ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Asubuhi hufundisha vijana kompyuta. Alasiri huchapa barua, hutoa nakala na kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni. Kila mtu humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo. Mezani kwake pana laptopu ambayo herufi ya A imefutika kwenye kibodi kwa kupigwa, kipanya cha waya, daftari la kurasa 96, penseli mbili zilizochongwa vizuri na rula ya mbao. Nilimuuliza rula ina kazi gani kwenye kompyuta. Akasema nikae nitaiona.

Saa nne hivi akaingia mzee mmoja aliyevaa koti, akaketi kama mtu aliyezoea kuendesha mikutano.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuletea mgonjwa."

Akatoa mfukoni flashi iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Humo, alieleza, mna tovuti ya kikundi chao cha wakulima. Mpwa wake aliitengeneza mwaka wa 2004 alipokuwa akisoma Mombasa. Ikakaa kwenye CD miaka mingi, watu wawili watatu wakaigusagusa, mwisho mjukuu akaihamishia kwenye flashi. Ina historia ya kikundi, majina ya waanzilishi, bei za ndizi na vitunguu za miaka ile, na picha. Waanzilishi kadhaa wameshatangulia. Sasa kikundi kinataka vijana wake wayaone mambo hayo, lakini ukiifungua hupati kitu.

"Hupati kitu kabisa, baba, au unapata kidogo?"

"Nyeupe pe."

Nilitarajia aifungue palepale. Hakuifungua. Alinakili folda nzima kutoka kwenye flashi na kuipa nakala ile jina "asili". Akainakili tena, ya pili akaiita "kazi". Kisha akaichomoa flashi, akaikunja upya kwenye nailoni yake na kumrudishia mzee mkononi. "Hii kaa nayo, baba. Nikiharibu, niharibu yangu." Mafundi wengi niliowahi kuwaona, wa redio, wa pikipiki, wa saa, huanza na bisibisi. Huyu alianza kwa kuhakikisha kwamba hakuna atakachofanya kisichoweza kurudishwa nyuma, na ilimchukua dakika tatu tu.

Ndipo akaifungua ile ya "kazi" kwenye kivinjari. Kweli, nyeupe pe. Aliitazama karatasi hiyo tupu kwa muda, mikono ikiwa mapajani. Halafu akamgeukia mzee: zamani ilipokuwa ikifunguka, aliona nini, na kilikaa wapi? Mzee akachora hewani kwa kidole. Juu jina la kikundi. Kushoto vitufe vya kubofya. Kulia habari zenyewe. Hapo rula ikapata kazi. Mwalimu alichora mstatili kwenye daftari, akaukata kwa mstari mmoja wa kulala karibu na juu, kisha sehemu ya chini akaigawa kwa mstari wa wima, upande wa kushoto mwembamba. Ndani ya visanduku vitatu akaandika kwa herufi ndogo: kichwa, orodha, habari. Akalisimamisha daftari kando ya skrini na kuliegemeza kwenye ukuta, kama seremala anavyoweka mchoro wa kabati mbele ya mbao.

Mchoro ule ulikuwa wa kawaida kabisa zama zake. Kampuni ya Netscape ndiyo iliyoleta fremu katika kivinjari chake, Navigator 2.0, mwaka wa 1996. Mwishoni mwa 1997 zikaingizwa rasmi katika kanuni za HTML 4.0, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao. Wazo lenyewe ni jepesi. Ukurasa mkuu hauna bidhaa yoyote ndani yake, umejenga kuta tu. Kila chumba kinafungua duka lake, yaani faili lake, na ukibofya kitufe cha kushoto ni chumba cha kulia pekee kinachobadilisha bidhaa. Kichwa na orodha havisogei. Wakati ule intaneti yetu ilipita kwenye waya wa simu ya mezani na kutoka nje kwa setilaiti. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Kabla ya hapo, kila picha iliyopakiwa mara ya pili bila sababu ilikuwa pesa na dakika. Mpwa wa mzee alipoweka orodha yake kwenye fremu ili ipakiwe mara moja tu, alifanya jambo la busara, na nilifurahi kumsikia Mwalimu akilisema hilo mbele ya mzee kabla hajagusa kosa hata moja. "Huyu kijana alijua anachofanya."

Sasa akalifungua faili la ukurasa mkuu katika Notepad, ile programu ya maandishi matupu isiyoongeza pambo lolote. Mistari haikufika ishirini. Akaikuza mpaka herufi zikawa kubwa kama za gazeti la ukutani, akaanza kuisoma kwa sauti ya chini, ncha ya penseli ikifuata kila neno bila kugusa kioo. Mstari wa kichwa, sawa. Jina la tovuti, sawa. Mstari wa sita akasimama.

Hapo palikuwa na tagi ya "body", yaani mwili, yenye rangi ya kijani kibichi, na chini yake ndipo ilipoanza tagi ya "frameset". Alinieleza bila kuondoa penseli. Ukurasa una mwili au una fremu, hauwi na vyote viwili. Kivinjari kikishakutana na mwili kwanza, kinaamini huu ni ukurasa wa kawaida, na kuta zote zitakazotajwa baadaye hakizijengi. Na kwa kuwa ndani ya mwili ule hamkuwa na neno lolote, kilichobaki cha kuonyesha ni weupe. Bila shaka mmoja wa wale walioigusagusa alitaka kuipendezesha tovuti kwa rangi, akapachika mstari mmoja mahali pasipo pake. Hata ile kijani yenyewe ilikuwa imeandikwa vibaya, ndiyo maana haikuonekana.

Alifuta tagi hiyo, na tagi ya kuifunga kule chini. Akahifadhi. Hakuendelea kusoma ingawa niliona jicho lake limeshaona kitu kingine mistari minne mbele. Alirudi kwenye kivinjari kwanza na kupakia upya.

Kuta zikasimama. Mstari wa kulala juu, mstari wa wima kushoto, sawasawa na mchoro wa penseli. Chumba cha juu kikafunguka na jina la kikundi kwa herufi za rangi ya machungwa. Mzee akasogea mbele kwenye kiti. Vyumba viwili vya chini vilikuwa na tangazo la kivinjari kwamba faili halikupatikana.

"Kosa moja, badiliko moja, kisha tazama," Mwalimu alisema. Nadhani alisema kwa ajili yangu, maana kalamu yangu ilikuwa ikienda mbio. Ukirekebisha vitu vitatu kwa pamoja na ukurasa ukapona, hujui ni dawa ipi iliyoponya. Ukizidi kuugua, hujui ni ipi iliyodhuru. Katika daftari, chini ya mchoro, akaandika nambari 1 na maneno machache: mwili juu ya fremu, umeondolewa.

Kilichofuata kilikuwa kirefu zaidi, na kwangu ndicho kilichokuwa kizuri zaidi. Alichora mstari wa wima katikati ya ukurasa mpya wa daftari. Upande wa kushoto aliandika majina ya mafaili yote yaliyoitwa ndani ya msimbo, moja baada ya jingine, herufi kwa herufi, kubwa ikiwa kubwa na ndogo ikiwa ndogo. Upande wa kulia aliandika majina ya mafaili yaliyomo kweli kwenye folda. Kabla ya kuyanakili hayo ya kulia alikwenda kwenye mipangilio ya Windows na kuiamuru ionyeshe viambishi vya mwisho vya majina, kwa maana kompyuta nyingi huvificha, na faili likaonekana linaitwa "bei.html" tu kumbe ni "bei.html.txt". Kisha akachukua rula na kuunganisha kila jina la kushoto na mwenzake wa kulia.

Mistari ilipokamilika, matatizo yalionekana hata kwa mtu asiyejua kompyuta. "mwanzo.htm" upande wa kushoto lilibaki bila mwenzi, kulia kulikuwa na "mwanzo.html". Herufi moja mwishoni. "Mazao.html" lilikuwa na M kubwa kushoto na m ndogo kulia. Hilo la pili, alisema, kwenye Windows halitadhuru, kwa sababu Windows haibagui kubwa na ndogo. Lakini siku tovuti itakapopandishwa kwenye seva, na seva nyingi zinaendeshwa na Linux, M kubwa na m ndogo watakuwa watu wawili tofauti, na ukurasa uliokuwa mzima nyumbani utavunjika mbele ya watu. Aliyabadili majina yote yawe ya herufi ndogo, kwenye folda na kwenye msimbo, akiweka alama ya vema kwa penseli kila alipomaliza jozi.

Chumba cha kulia kikafunguka. Cha kushoto kikakataa.

Jina la faili la orodha lilikuwa sahihi pande zote mbili, mstari wa rula ulikuwa umenyooka kati yao. Alilisoma mara tatu. Akalisoma kinyumenyume, herufi ya mwisho kwanza, njia aliyoniambia husaidia jicho lisikimbilie maana. Kisha akaukuza msimbo mara mbili zaidi na kuniita nisogee. "Tazama alama za kunukuu."

Katika mistari mingine yote alama hizo zilikuwa vijiti viwili vifupi vilivyosimama wima. Katika mstari huu mmoja zilikuwa zimepinda, mithili ya mikia ya mkizi. Programu za kuandikia barua hupindisha alama za kunukuu zenyewe ili maandishi yapendeze kwenye karatasi. Mtu fulani aliupitisha mstari huu katika programu ya namna hiyo na kuurudisha. Kwa macho ya binadamu ni alama ileile. Kwa kivinjari, alama iliyopinda haifungui wala haifungi nukuu. Ni herufi kama herufi nyingine, sehemu ya jina. Kwa hiyo kilikuwa kikitafuta faili ambalo jina lake linaanza na kumalizika kwa kitu kilichopinda, na faili kama hilo halikuwepo duniani. Mwalimu alifuta mbili zilizopinda, akaandika mbili zilizosimama. Akahifadhi, akapakia upya.

Vitufe vya kushoto vikajitokeza, vya bluu, kila kimoja kimechorwa kama picha ndogo yenye kivuli. Mzee alisema, "Ndivyo hivyo," kisha akanyamaza.

Mwalimu hakunyamaza naye. Alikuwa akihesabu. Kwenye msimbo wa orodha aliona vitufe saba: Mwanzo, Historia, Wanachama, Mazao, Bei, Anwani, Picha. Kwenye skrini vilikuwa sita. Akapima kwa hesabu ya kichwa: kila kitufe kina urefu wa pikseli 80, saba vinafika 560, na nafasi iliyobaki chini ya kichwa katika dirisha la laptopu yake haikufika hapo. Kitufe cha saba kilikuwepo, ila kilikuwa chini ya ukingo. Kwa kawaida fremu ikijaa hutoa upau wa kusogezea, lakini fremu hii ilikuwa imekatazwa: palikuwa na agizo la "scrolling" lenye thamani ya "no". Mpwa aliweka katazo hilo wakati vitufe vilikuwa sita na vilienea. Aliyeongeza cha saba baadaye hakuliondoa. Na cha saba ndicho cha Picha, kile mzee alichokuja kukitafuta. Mwalimu aliandika "auto" mahali pa "no", na upau mwembamba ukatokea pembeni.

Nilidhani sasa tutabofya Picha. Alisema zamu yake itafika.

Alichora jedwali jingine. Safu ya kwanza jina la kitufe, ya pili mahali kilipofungukia. Akabofya vyote saba kwa utaratibu kuanzia juu bila kurekebisha chochote, akiandika tu. Historia ilifungukia ndani ya chumba cha kushoto, maneno yamebanwa kwenye upana wa vidole vitatu na orodha yote imetoweka. Akabofya kulia ndani ya chumba hicho na kuirudisha orodha. Wanachama na Picha, vivyo hivyo. Mazao na Anwani zilifungukia kulia, panapostahili. Bei ilifungua kichupo kipya kabisa, peke yake, bila kichwa wala orodha. Mwanzo ulifanya kioja: ndani ya chumba cha kulia ilijengwa tovuti nzima upya, kichwa kidogo, orodha ndogo, na chumba kidogo cha habari, kama kioo kilichowekwa mbele ya kioo.

Ukilitazama jedwali utaona jinsi fujo ya makosa matano ilivyogeuka kuwa makosa ya aina tatu. Kila fremu ina jina lake, na kila kiungo kinatakiwa kiseme bidhaa yake ipelekwe kwenye fremu ya jina gani. Neno la kutajia ni "target". Kiungo kisichotaja jina hufungukia hapo hapo kilipo. Hao ndio watatu waliobanwa kushoto. Kiungo kinachotaja jina ambalo hakuna fremu inayoliitikia, kivinjari hukifungulia dirisha jipya na kulipa jina hilo. Bei ilikuwa imeandikiwa "habri", bila a ya pili. Na kiungo kinachouita ukurasa mkuu wenyewe ndani ya fremu hujenga nyumba ndani ya nyumba.

Kwa watatu wa kwanza hakurekebisha kiungo kimoja kimoja. Aliongeza mstari mmoja kwenye kichwa cha faili la orodha, tagi ya "base", unaosema kwamba kiungo chochote kisichotaja pa kwenda kiende "habari". Vyote vitatu vikapona kwa pamoja. Kwa Bei aliongeza a iliyokosekana, maana jina lililoandikwa kwenye kiungo lina nguvu kuliko lile la "base". Kwa Mwanzo aliandika neno "top", linalomaanisha uvunje kuta zote na uanze upya kwenye dirisha zima. Alipobofya, kikafunguka kichupo kipya. Akatulia kidogo, akarudi kwenye msimbo na kuona: neno hilo hutanguliwa na kistari cha chini, naye hakukiweka, bila kistari lilikuwa jina tu la fremu isiyokuwepo, sawa na "habri". Aliliandika kosa hilo kwenye daftari pamoja na mengine, kwa mwandiko uleule na nambari yake. Nami nikazidi kumheshimu.

Saa sita kasoro akabofya Picha.

Zilikuwa tisa, zimepangwa tatu tatu. Wanawake wakipakia mikungu ya ndizi kwenye lori. Mfereji wa maji uliochimbwa kwa majembe. Watu wawili wamesimama kando ya Ziwa Chala, maji mbali chini yao. Mzee alikuwa amevaa miwani sasa, akitaja majina polepole, na kwa baadhi ya majina akiongeza "Mungu amrehemu". Picha ya tisa, pembe ya chini kulia, haikuwa picha. Kilikuwa kisanduku kitupu chenye alama ndogo ya picha iliyovunjika na maneno haya: Kikao cha kwanza cha waanzilishi.

Mwalimu aliutafuta mstari wake. Picha nane zote ziliitwa kwa majina mafupi, kutoka kwenye folda iliyo humo humo. Ya tisa iliitwa kwa anwani ndefu inayoanzia kwenye diski ya C na kupita kwenye folda za kompyuta ya mpwa mwenyewe, ile aliyoitumia Mombasa mwaka wa 2004. Kwake ilionekana kila siku, kwa sababu ilikuwa kwenye mashine yake. Hakuwa na namna ya kujua kwamba haikusafiri na zingine. Mwalimu alipekua folda ya "asili" kwa jina la faili, akapekua kwa aina, akazipanga picha zote kwa ukubwa. Haikuwemo. Hapo alimweleza mzee kwa maneno ya wazi: hili siwezi kulitengeneza, picha yenyewe haipo. Maneno yale yaliyoshika nafasi yake hakuyafuta, wala hakuweka picha nyingine kujazia pengo. Alimwomba mzee amtajie waliokuwemo kwenye kikao kile, walivyokaa, kuanzia kushoto, akayachapa majina yao chini ya kisanduku. Yalifika kumi na moja.

Lilibaki jambo moja, na hili alimuuliza mzee kwanza. Vijana wataifungulia wapi tovuti hii? Mzee akainua simu yake. Basi fremu hazitatosha. Hata zilipokuwa changa zilikuwa na wapinzani. Desemba 1996 Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, aliandika kwamba zinavunja mapatano ya msingi ya mtandao, kwamba ukurasa mmoja una anwani moja. Ndivyo ilivyo. Ukiwa kwenye ukurasa wa Bei ndani ya fremu, anwani iliyoko juu bado ni ya ukurasa mkuu, kwa hiyo ukimtumia mwenzako kiungo kwenye WhatsApp atafikia mlangoni tu. Injini ya kutafuta nayo humleta msomaji kwenye faili la ndani lililo peke yake, bila kichwa wala orodha ya kumwongoza. Kwenye kioo cha simu, vyumba vitatu vilivyobanana havisomeki. Kanuni za HTML5 zilizopitishwa Oktoba 2014 ziliziondoa fremu za namna hii, zikaacha ile moja ya kupachika ramani au video katikati ya ukurasa. Vivinjari bado huzifungua za zamani, na ndiyo maana kazi ya asubuhi ile iliwezekana.

Akainakili folda ya "kazi" na kuiita ya tatu "simu". Humo alivunja kuta na kujenga nyingine kwa CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, kwa mpangilio wa gridi ambao vivinjari vikubwa viliupokea mwaka wa 2017. Hili alilifanya haraka, vidole vikijua njia. Nilichokiona ni kwamba hakutunga vipimo vipya. Mpwa aliandika kushoto pikseli 180 na nyota, nyota ikiwa na maana ya nafasi yote iliyobaki. Mwalimu akaandika 180 na sehemu moja ya kilichobaki. Kichwa 90, kama zamani. Rangi ya machungwa ileile, bluu ileile. Aliongeza sharti moja: kioo kikiwa chembamba kuliko pikseli 600, orodha ipande juu ya habari badala ya kukaa ubavuni. Kisha akakipunguza kidirisha cha kivinjari taratibu kwa kipanya, kikazidi kusinyaa, mpaka vitufe vikaruka na kujipanga juu. Akakipanua, vikarudi kushoto. Alifanya hivyo mara nne, akitazama kila kona.

Mzee aliondoka saa saba na nusu, flashi yake ikiwa na folda tatu. Alilipa, akapewa chenji, akasimama mlangoni akimpigia simu mpwa wake kumuuliza kama ile kompyuta ya Mombasa iko wapi siku hizi.

Kwenye daftari, chini ya jedwali la mwisho, Mwalimu alipiga mstari kwa rula na kuandika tarehe. Makosa kumi, tisa yamerekebishwa. Picha ya tisa bado inatafutwa.